Zaina wa Kwenye Karatasi

Ipo siku moja haijanitoka, mwanangu, na kila inaponijia, cha kwanza kukiona ni viatu. Raba nyeupe, mpya kabisa, nilizozinunua kwa mshahara wangu wa kwanza, zimesimama ukingoni mwa tope kule Mabwerebwere, na mwenye raba yuko ndani yake anawaza Mikumi. Masika ya mwaka ule yalichelewa kuondoka Kilosa. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka milimani ukalala juu ya mto Mkondoa, na mji wote ukawa kama ndoto uliyoiota ukasahau nusu yake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kuota ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Marehemu mama yangu alizoea kusema kwamba Tausi ukimtuma chumvi atakuletea habari za gari moshi.

Jana, mjukuu wangu, ulinionyesha kishikwambi chako, ukaniambia kesho unaanza kupita nyumba kwa nyumba kuwauliza watu habari za maisha yao. Nilicheka, na wewe ukadhani nakicheka kile kioo. Sikukicheka. Nilikuwa nacheka kwa sababu kazi hiyo niliifanya kabla baba yako hajazaliwa, kwa kalamu ya wino na mfuko wa turubai begani, na karibu initie aibu ya maisha. Basi keti, mwanangu, uji bado wa moto.

Uhuru ulikuwa ungali unanukia rangi mpya walipokuja watafiti wa chuo kikuu kutaka kuujua mji wetu. Walichagua nyumba kadhaa, nyingine Magomeni, nyingine Mabwerebwere, nyingine karibu na stesheni, wakasema watazirudia nyumba hizo hizo kila baada ya miaka miwili, na maswali yale yale: nani analala hapa, anafanya kazi gani, alitoka wapi, anapikia kuni au mkaa, ana baiskeli, ana redio. Walitaka kuona mji unakwenda wapi. Watu wa kijiweni walicheka sana. Mji uende wapi, walisema, nao umekaa hapa kando ya reli tangu Mjerumani?

Kumbe ulikuwa unakwenda. Mashamba ya mkonge yalianza kupunguza watu, na wanaume waliozoea kukata majani wakaingia mjini na vitanda vichwani. Wengine walishuka Ruhembe kwenye miwa. Azimio lilipotangazwa, wapo waliofunga milango wakaenda kuanzisha vijiji vya ujamaa, kwa nyimbo na majembe. Mji wa namna hiyo huwezi kuujua kwa kuutazama mara moja. Sharti urudi, na ukirudi urudi pale pale.

Mzunguko wa pili ulipofika, mimi nilikuwa nimemaliza shule, nikachukuliwa kuwa karani. Baba yangu, mtu wa reli aliyekuja kutoka Tabora, aliwatangazia wenzake wote wa karakana kwamba binti yake sasa anafanya kazi na chuo. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Lukasi, Mkaguru wa milimani, mtu wa misheni, aliyefundisha shule hadi chaki ikamharibu kifua. Alisema polepole na kwa sauti ya chini, hata ukalazimika kumsogelea ndipo umsikie. Nadhani alifanya makusudi.

Siku ya kwanza alitukalisha kwenye benchi, akatufunza jambo ambalo watu wa chuo hawakulijua.

"Hapa kwetu watu hawahesabiwi," alisema. "Ukimwuliza mama ana watoto wangapi, atakwambia Mungu ndiye anayejua, na atakuwa amekujibu vizuri. Wanaohesabiwa ni mbuzi. Watu wanaitwa kwa majina. Ukimaliza kuita, hesabu itakuwa imejihesabu yenyewe."

Kazi ikawa hivyo. Unakwenda na fomu ya mzunguko uliopita, unabisha hodi, unasalimu, unakaa. Kisha unasoma majina, moja moja, na nyumba inakujibu: yupo, yupo, ametoka. Aliyetoka alikuwa na mstari wake, unauliza amekwenda wapi na tangu lini. Na kama kutoka kwenyewe ni kule kusikorudiwa, unauliza kwa upole ilikuwa mwezi gani na maradhi gani, unaandika, unatoa pole, unaendelea. Ndipo unapoyafikia mambo ya mkaa na baiskeli.

Sasa nikueleze habari za Mikumi. Mzee Lukasi alikuwa amedokeza kwamba chuo kinataka kuanzisha orodha mpya kule, kwa kuwa reli ilikuwa imefika na barabara kuu inapita, na vibanda vilikuwa vinaota kila wiki. Karani mmoja angechaguliwa kwenda kuifungua. Lo, nilivyoitamani ile safari. Sikuwahi kufika Mikumi, lakini kichwani nilikuwa nimekwisha kupanga chumba, dirisha likitazama nyika, tembo wakipita taratibu jioni, na mimi na fomu zangu mezani, Bibi Karani. Nikajiambia atakayemaliza wa kwanza ndiye atakayechaguliwa. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, nikajiamini.

Nikakimbia. Haraka haraka haina baraka, naam, najua, hata wakati ule nilijua, ila nilidhani imesemwa kwa ajili ya watu wengine. Zikabaki nyumba saba, zote kule chini Mabwerebwere, na siku hiyo nikafika ukingoni mwa lile tope. Nikazitazama raba zangu. Nikazitazama zile nyumba. Watu wake niliwajua, shangazi yangu alikaa mtaa wa pili, utotoni, kabla ya shule ya bweni, nilikuwa nimekula kwao, nimesuka kwao. Nikajisemea, hawa nawauliza nini nisichokijua? Nikageuka.

Nilikwenda stesheni, nikaketi kwenye benchi chini ya paa la bati. Mabehewa ya kwenda Mikumi yalikuwa yanapangwa, yanagongana polepole, na moshi ulikuwa unapanda ukichanganyika na ukungu. Nikatoa fomu za zamani, nikazinakili. Kila mtu nikamwongeza miaka miwili, kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi. Mwenye thelathini akawa na thelathini na miwili, mwenye punda akabaki na punda. Kulikuwa na mtoto mmoja, Zaina, binti wa mtu wa genge la kutengeneza reli. Mzunguko wa kwanza alikuwa na miaka mitano, nikampa saba. Mtoto wa miaka saba yuko wapi kama si shuleni? Nikamwandikia: darasa la kwanza. Nakumbuka nilitabasamu nilipoandika, nikamwona kabisa anakwenda na gauni la shule na ubao wake mdogo. Nilikuwa nimemwandikisha shule bila kuinuka kwenye benchi.

Na hapa nikukirie jambo, mwanangu. Wiki iliyotangulia nilimsikia shangazi akisalimiana sokoni na mama mmoja aliyejitanda khanga hadi machoni, akimwita Mama Hamisi. Sauti ya yule mama niliijua. Nilijiuliza Mama Hamisi ni nani tena, kisha nikawaza mambo yangu. Ningeuliza ningejua. Kuuliza si ujinga, ila mimi mshahara nilikuwa nalipwa kwa kuuliza, nami sikuuliza.

Nikamaliza wa kwanza. Mzee Lukasi alipokea furushi langu, akasema vizuri, akaniambia huenda Mikumi ikaniita. Siku mbili nilitembea juu juu. Siku ya tatu asubuhi akafumba macho, akachomoa fomu moja kati ya zangu, kama alivyokuwa akichomoa kwa kila karani ili ahakikishe.

"Hii ni ya mama yule wa Mabwerebwere," alisema, akafurahi. "Mara ya kwanza nilikwenda mimi mwenyewe. Twende wote, Tausi."

Miguu yangu ilijua kabla ya kichwa. Nilisema njia ni mbovu, Mzee. Akavua viatu vyake, akavishika mkononi, akatangulia kwenye tope. Nami nikavua raba zangu.

Mama wa nyumba ile tulimkuta uwanjani akipepeta mchele. Mumewe alikuwa kazini relini na genge lake, na mtoto wa kiume mdogo alikuwa akicheza na makopo karibu na ukuta. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. Alimwamkia Mzee, akatuletea vigoda viwili. Mzee Lukasi alivaa miwani, akakunjua fomu niliyoiandika, akaanza kuita. Jina la mumewe. Yupo. Jina lake mwenyewe. Yupo. Kisha Mzee akainua uso, anatabasamu.

"Zaina. Huyu namkumbuka, ndiye aliyejiitikia mwenyewe. Nilipolitaja jina lake alitoka mbio nyuma ya mlango akasema nipo, tukacheka wote. Leo ana miaka saba, yuko darasa la kwanza. Hongera sana, mama."

Ungo ukasimama. Mchele uliokuwa hewani ukaanguka, mwingine ndani, mwingine chini.

"Soma tena hapo," alisema.

Mzee, naye hakujua, akasoma tena. Zaina, miaka saba, darasa la kwanza.

"Darasa la kwanza," yule mama alirudia. Alisema kama mtu anayeonja kitu. Ndipo akanigeukia mimi. "Shule ipi?"

Mzee Lukasi alinitazama, akamtazama mama, akavua miwani. Nilimwona akielewa, taratibu, na sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka kwa muda mfupi kama ule.

"Zaina alifariki," mama alisema. "Surua. Hazikupita hata siku mia tangu ulipokuja, Mzee, ukamwita naye akakuitika. Tulipomaliza arobaini, watu wakaacha kumtaja. Walinionea huruma, siwalaumu. Wakaanza kuniita Mama Hamisi, kwa jina la mdogo wake, ili nisiumie. Hata baba yake hamtaji. Nikawa nahesabu misimu. Nilijua mtarudi, mlisema mtarudi. Nilijua mtakuja na ile karatasi, na mtaita majina yote, na mtamwita. Nikasema siku hiyo nitalisikia jina la mwanangu kinywani mwa mtu, nami nitajibu."

Alikuwa hasemi kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeweza kuibeba.

"Niliposikia makarani wameingia mtaa wa juu nilifagia uwanja. Nikaweka kigoda. Siku tatu nakitoa asubuhi, nakirudisha jioni. Nilikuona, Tausi, pale juu. Nilikuona ukitazama miguu yako. Nikadhani unavua viatu uje. Ukageuka."

Mwanangu, nimezika wazazi, nimezika mume, lakini neno lile moja, ukageuka, bado linanipata nikiwa nateka maji au natandika kitanda. Nililia pale kwenye kigoda, na hakuna aliyeniambia nyamaza.

Mama alinyoosha mkono. "Nipe hiyo karatasi," alisema. Fomu haziachwi mikononi mwa watu, hiyo ilikuwa sheria, ila Mzee alimpa. Hakujua kusoma. Akaniambia nimwonyeshe jina lilipo, nikaweka kidole changu chini ya neno Zaina, naye akaweka chake kando ya changu. Niliogopa ataniomba abaki nayo, nami ningempa, ningempa na mshahara wangu, na Mikumi yangu yote.

"Huyu wa kwako hakuugua," alisema hatimaye. "Hakunililia usiku, hakuniomba maji. Huyu anakwenda tu shuleni. Si wangu. Mfute."

Akamrudishia Mzee karatasi. Mzee Lukasi aliikunja mara nne, akaitia mfukoni, akatoa fomu nyeupe na kalamu, akaniwekea magotini. "Anza upya," alisema. "Majina yote."

Nikaanza. Nilipofika kwenye lile jina nilimtazama mama usoni, nikaita, "Zaina."

"Alikuwepo," alijibu. "Ametoka."

Nikauliza mwezi gani, nikauliza maradhi gani. Mstari ukajaa. Mama hakuwa amemaliza. Alisema Zaina alipenda ukoko wa wali kuliko wali wenyewe, na alikuwa akikimbilia relini kuwapungia mikono abiria wasiomjua, akirudi anasema wameniona. Nikamtazama Mzee, maana fomu haikuwa na mahali pa ukoko wala pa abiria. Mzee akaniambia, "Geuza nyuma." Nikageuza, nikaandika hadi jua likatoboa ukungu. Yule mama alikuwa akisema, mara analia, mara anacheka. Tulipoinuka, Mzee alimshika mkono akasema, "Pole sana, Mama Zaina." Akaitika kwa sauti kubwa, sauti ya mtu aliyeitwa kutoka mbali.

Njiani Mzee Lukasi hakunifokea. Tulipofika pakavu aliketi kwenye jiwe kuosha miguu.

"Unalijua kosa lako?" aliniuliza.

"Nimeandika uongo, Mzee."

"Huo nitaufuta kwa wino mwekundu, utaisha. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yule alikuwa anangoja mgeni ili apone, Tausi. Mgeni ulikuwa wewe." Akavaa viatu. "Zimebaki sita. Kwa raba au bila raba, hilo utaamua mwenyewe."

Nilikwenda zote sita, peku. Nyumba moja nilikuta mlango umepigiliwa mbao, wenyewe walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa tangu mavuno, nami niliwaandika wanalala pale wote. Nyingine ilikuwa na familia nzima chumba cha uani, watu wa mkonge walioachishwa kazi, hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye karatasi zangu. Kijana niliyemwandika fundi baiskeli alikuwa Ruhembe anakata miwa. Nyumba saba tu, na mji ulikuwa umekwenda zake, mimi nimeuandika umekaa. Hapo ndipo nilipoifahamu kazi.

Mikumi akapelekwa mwenzangu mmoja, mtaratibu, aliyemaliza wa mwisho. Nilimsindikiza stesheni. Niliumia, sitakuficha, na gari moshi lilipoondoka niliona wivu hadi kooni. Niliifikia baadaye, mzunguko wa tatu, na nikakuta dirisha halitazami nyika bali ukuta wa duka la ushirika. Tembo niliwaona, lakini walikuwa mbali.

Lakini ninachotaka ukibebe ni hiki. Mzunguko ule wa tatu nilirudi pia kwa Mama Zaina. Sheria ilisema aliyefariki akishaandikwa anaondolewa kwenye orodha, kwa hiyo fomu mpya haikuwa na jina la mtoto. Nilisoma majina yote, yakaisha. Mama akawa bado anangoja, mikono magotini. Nikaiweka kalamu chini, nikaita, "Zaina." Akajibu, "Alikuwepo." Kisha tukaendelea na mkaa na baiskeli. Tulifanya hivyo kila baada ya miaka miwili, miaka yote ya ujamaa, ya foleni za sukari na ya nyimbo. Hamisi alikua mbele ya macho yangu, mwenye makopo akawa mwenye ndevu. Mzunguko wa mwisho niliokwenda, yeye ndiye aliyenitolea kigoda. Nikaita jina la mama yake, akasema, "Alikuwepo." Nikaandika. Kisha nikaweka kalamu chini, nami nikawa sijui kama niite au nisiite, maana Hamisi hakuwa hata na kumbukumbu ya dada yake. Akanitazama.

"Bi Tausi," alisema, "hujamaliza."

Sasa nikwambie waziwazi, mwanangu, maana mzee akizunguka sana vijana husinzia. Kishikwambi chako kinajua kuhesabu kuliko mimi na wewe, kiachie hesabu. Wewe ingia uwanjani. Usimwandike mtu kwa sababu unamjua, kwa kuwa uliyemjua ni yule wa jana. Ukikuta tope, vua viatu. Ukijibiwa jambo ambalo hicho kioo hakina pa kuliweka, usiinuke, keti ulisikilize mpaka liishe, hata kama halitafika chuoni. Huwezi kujua ni nyumba gani imefagiwa kwa ajili yako. Na ukikosea, kwani utakosea, rudi siku hiyo hiyo, kwa miguu yako, kwenye mlango ule ule.

Nenda kwa heri. Mola akupe magoti yasiyochoka kukaa kwenye vigoda vya watu, na akujalie kila unapopiga hodi upate wa kukuitikia. Na mzunguko ukiwadia ambao utafika hapa kwangu ukute kiti hiki kitupu, usipite. Ingia, ukae, usome majina yote ya nyumba hii, na langu ulisome kwa sauti. Mmoja wenu atajibu.